Mafungu ya Wakonyo

Wakonyo binti Hezekiah, wa Giakanja, ni mjukuu wa Gathoni aliyebeba kapu la nyanya mgongoni kwa miguu hadi Karatina, akafika umande haujakauka. Mama yake ni Ngendo, yule aliyeshona mbegu za nyanya kwenye pindo la rinda wakati wa Emajensi ya mkoloni, walipofungiwa kijijini kwa mtaro na miti iliyochongwa, akatoka nazo baada ya miaka mitatu zikiwa bado hai. Na Wakonyo mwenyewe ameketi sokoni Karatina miaka arobaini na sita. Hakuna aliyewahi kumrudishia nyanya, kwa sababu yenye doa huigeuza, doa likamwangalia mteja.

Mbegu hizo hazijanunuliwa dukani hata siku moja. Mama humpa binti, binti akampa bintiye. Sasa zilikuwa kwa Wakonyo, naye ana miaka sabini na tatu na goti moja linalokataa kilima. Binti anaye mmoja, Wangui, na Wangui alikuwa Uhispania mwaka wa kumi na mbili akitunza wazee wa watu. Ndiyo maana tikiti ilipotumwa mwezi wa nane hakuikataa. Wanawake wa sokoni walisema anaenda kutembea. Hakuwa anaenda kutembea. Alikuwa anaenda kumwomba Wangui arudi, amkabidhi mbegu kabla hajafa.

Siku za kwanza hakupata nafasi. Wangui alitoka alfajiri na kurudi amechoka. Wakonyo alikaa ghorofa ya tano akitazama nguo za watu zilizoanikwa ng'ambo. Huko chini watu walisalimiana; yeye hakuwa na wa kumsalimia. Asubuhi moja alijikuta ameliamkia jiko.

Kisha Wangui akapata ruhusa kazini.

"Mami, leo nakupeleka mahali. Vaa nguo ya zamani."

"Nguo ya zamani mbele ya watu?"

"Ni sikukuu ya nyanya. Nikajiambia, mtu wa nyanya kama wewe, hii utaipenda."

Wakonyo akadhani ni maonyesho ya wakulima, kama yale ya Nyeri, mtu akipewa utepe kwa kabichi kubwa. Nguo akavaa ya zamani, lakini kichwani akafunga kitambaa kipya, kwa heshima ya nyanya.

Mji wenyewe ulikuwa mdogo, barabara nyembamba, nyumba zimefunikwa plastiki kama vitalu vya miche. Fataki ikalia. Malori yakaingia yamejaa nyanya mbivu hadi juu, na watu waliokuwa ndani wakaanza kuwamwagia wenzao.

"Iponde kwanza mkononi," Wangui akamwambia sikioni, "ndiyo usiumize mtu. Hiyo ndiyo sheria." Akamezwa na umati.

Mkono wa Wakonyo ulikataa. Tangu ujana mkono huo umeshika nyanya kama yai. Akasimama kwenye ngazi ya mlango wa mtu, nyanya zikimpiga shingoni na mabegani, akitazama watu wazima wakigaagaa juu ya chakula. Akakumbuka mwaka wa themanini na nne, mvua ilipokataa, nyanya moja wakiigawa kwa kisu watu watano. Na bila kujua anafanya nini, akainama. Akaokota zilizo nzima, akazipangusa kwa rinda, akazipanga kwenye ngazi: tatu chini, moja juu. Fungu la kwanza. La pili. La saba.

Vijana wakapita, wakayaona, wakazoa zote za kurusha, wakamwinamishia kichwa kwa shukrani. Kwa mara ya kwanza maishani mwake mafungu yakaisha bila mtu kuuliza bei, bila mtu kubinya, bila mtu kusema hizi ni ndogo. Hapo ndipo upweke ulipomshika vizuri.

Wangui akarudi, mwekundu kuanzia nywele hadi viatu, akicheka na wenzake kwa lugha ya huko. Katika lugha ile hata kicheko chake kilikuwa kingine.

"Mami, hata moja hujatupa?"

"Utarudi lini, Wangui?"

"Nini?"

"Shamba. Mbegu za cucu yako Ngendo. Utarudi lini?"

Wangui akajipangusa macho. "Mami, si unaona vile niko. Nikirudi nitakuwa mgeni wa nani? Hapa wananijua." "Nipe tu hapa. Nitapanda kwa mkebe, kwa dirisha."

"Mbegu ya Ngendo haikai mkebe."

Akajuta papo hapo, lakini neno likitoka halirudi. Palikuwa na nyanya moja miguuni pake. Akaiokota, akaiponda kama sheria isemavyo, akamrushia bintiye kifuani.

"Umeona?" Wangui akacheka. "Nilijua utafurahi."

Wakonyo hakumsahihisha. Fataki ikalia mara ya pili, watu wa mji wakatoa mipira ya maji, mbegu zikateremka barabarani kama mchanga hadi mtaroni, na hakuna aliyeinama.

Alirudi nyumbani mwezi wa tisa, akapitia Karatina kwanza. Mezani pake alikuwa Nduta, mke wa mwanawe Mwai. Miaka kumi na mmoja Nduta amepalilia nyanya zile bila kuruhusiwa kugusa mbegu, kwa kuwa mbegu ni za binti, si za mke wa mtoto. Wakonyo akatazama mafungu. Doa linamwangalia mteja.

"Nani alikufundisha kugeuza hivi?"

"Si ni wewe, Mama. Nilikuwa nakuangalia tu."

"Ati kuangalia."

Kesho yake, baada ya chai, akaleta kopo lenye karatasi za kaki zilizogandamana na mbegu, akaliweka mapajani mwa Nduta.

"Usitoe kwa nyanya kubwa, kubwa inadanganya. Toa kwa shada la pili, la mti usio na ugonjwa, na ungoje iive hapo hapo mpaka iwe laini. Kamua kwa karatasi. Kausha kivulini, si juani. Na kila mwaka karatasi moja utaiweka kando."

"Ya nani, Mama?"

"Ya mtu ako na mkebe kwa dirisha. Kama atapanda sijui. Wewe andika jina lake juu, utume."