Watoto Watano Kwenye Kipande Kimoja cha Mkate

Niling'ata mkate, jino likagonga mtoto.

Wa plastiki, jamani, msiniitie polisi. Hapa Puebla, Mexico, Siku ya Wafalme, Januari sita, tunakata mkate mtamu uliofichwa kitoto ndani. Kikiwa kwenye kipande chako, Februari unawapikia wote tamale, unga wa mahindi uliofungwa kwenye majani.

Nikang'ata tena. Mwingine.

"We tafuna tu, wifi," akasema Remedios, dada wa mume wangu, uso mkavu.

Watoto wa plastiki wakafika watano. Kumbe kila mtu aliingia jikoni kwa siri akachomeka wake upande wa kiti changu, eti nipate bahati ya mtoto.

Meza nzima hoi kwa kicheko. Isipokuwa mama mkwe, Doña Eulalia.

"Mkate wenyewe mmeuharibu," akafoka, akatoka kwenda uani.

Iliniuma. Kesho yake nilikuwa nivunwe mayai ya uzazi hospitalini, jaribio letu la mwisho la kupata mtoto. Mara ya kwanza, pamoja na sindano zote zile, ovari ziliitika kivivu: yai moja, nalo bovu.

Daktari Zepeda alituambia ni msongo wa oksidi. "Umeona parachichi lililokatwa likaachwa mezani linavyogeuka kahawia? Mayai nayo huchakaa hivyo. Vidonge hivi huenda vikasaidia, siahidi. Ila moshi wa sigara, marufuku."

"Mimi sivuti."

"Na nyumbani?"

Mume wangu Fermín akatazama viatu vyake. Tunaishi kwa mama yake, na mama huyo huvuta kama tanuri la matofali. Nani angemwambia?

Tangu siku ile mama mkwe akawa mbogo. Anabamiza sufuria, anamumunya pipi za ukwaju, kila saa yuko uani. Nikajua: hanitaki.

Basi siku hiyo ya mkate nikamfuata uani.

"Mama, hata leo unanikimbia ukavute?"

"Nivute nini, binti? Fermín aliponiambia maneno ya daktari, niliacha; hamu ikipanda, nakuja huku. Unadhani nanuna kwa raha zangu? Halafu hao wapumbavu wanakuletea bahati ya plastiki."

"Mbona hukusema?"

"Niseme, halafu nishindwe?"

Nilimkumbatia, akalalamika namchafua kwa sukari ya mkate.

Kesho yake yakatoka mayai manne, mazima.

"Ni vidonge, ni moshi, ni bahati? Siwezi kujua," akasema daktari.

Mama mkwe, aliyetusindikiza, akashusha pumzi. "Basi nivute moja tu."

"Hapana," tukajibu wote, daktari akiwa wa kwanza.

Wadada, kabla hamjasema mtu amewanunia, mwulizeni kwanza anajinyima nini.