Nguzo Niliyoikumbatia kwa Wakwe

Mimi nimeshajicheka vya kutosha. Sasa zamu yenu.

Juzi alasiri tulikwenda Mji wa Kale kumposea mpwa wangu mke, na msemaji nilikuwa mimi. Nyumba ile ilikuwa imebadilishwa boriti. Kando yangu, imeegemea ukuta, ilisimama nguzo ya chuma ya mafundi, zile za bomba ndani ya bomba, zinazopandishwa na kushushwa kwa kuzungusha nati. Mkono wangu mtundu ukaizungusha. Trrr! Bomba la juu likashuka.

Roho ikaniruka. Nyumba ya watu yaja chini, na wazee wote wamo ndani! Nikasimama, nikaikumbatia nguzo na kuisukuma juu kwa nguvu zangu zote. Kutazama dari sikuthubutu.

"Karibu kahawa, Bwana Saidi," akasema baba wa binti.

"Alhamdulillahi, nimetosheka."

"Na haluwa?"

"Hiyo nitilieni kinywani."

Mpwa wangu akanilisha, uso umemwiva kwa haya. Posa nikaitoa hivyo hivyo, kanzu imenigandama kwa jasho. Nikaapa kwamba ukoo wetu ukishamshika mtu haumwachi.

Baba wa binti akanijongelea taratibu. "Bwana Saidi, iwache hiyo. Mafundi wamemaliza jana, yangoja gari tu."

Nikatazama juu. Kati ya nguzo na dari angepita paka, na mkia wake umesimama.

Nyuma ya pazia wanawake wakapiga vigelegele, na posa yenyewe haijajibiwa.