Sima ya Mama Kadzo

Syovata wetu wa Kikoneni ana ugonjwa wa kushiba akifika majumbani mwa watu. Ni Mkamba aliyeletwa huku akiwa mgongoni mwa mamake, na sasa ni mhudumu wa afya wa kujitolea. Hupita boma kwa boma akiulizia nani mja mzito, nani anakohoa. Akikaribishwa chakula husema, "Ahsante, nimeshiba." Uongo mtupu. Mimi jirani yake namjua, kwake sufuria husafishwa kwa vidole. Ila huona vibaya kupunguza sima ya watoto wa watu, na kwa moyo huo nampenda sana.

Moyo huo huo nusura umponze Mama Kadzo, mjane wa Kiduruma mwenye mbuzi wachache, aliyekuwa akitibiwa kifua kikuu. Syovata ndiye aliyempelekea dawa. Mwanzoni mama alizimeza vizuri. Kisha akawa anasema, "Weka hapo." Siku moja Syovata akavikuta vidonge chini ya mkeka, na kikohozi kimerudi.

Alikuja kwangu akilia. "Atakufa yule mama nikimtazama."

"Umewahi kula kwake?" nikamuuliza.

"Nile chakula cha mgonjwa? Hata yeye hakimtoshi."

Nilimkasirikia kweli. Miaka yote hii pwani, bado hajui kwamba mgeni asiyenawa mikono humwacha mwenyeji na maswali? Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nikamwambia kesho twende sote.

Mama Kadzo alikuwa amekonda hadi nikaogopa. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia, akatukaribisha sima na mtsunga, ile mboga chungu ya porini. Syovata akafungua mdomo aseme ameshiba. Nikamkanyaga mguu.

Akanawa. Akamega tonge, akachovya, akala, akamega jingine.

Mama Kadzo akamtazama. "Nilidhani wanionea kinyaa, mwanangu. Kwa hiki kikohozi changu."

"La, mama. Niliona chakula ni kidogo."

"Ni kidogo," akasema Mama Kadzo. "Lakini ni changu."

Syovata akainamia sahani, machozi yakimtiririka, akaendelea kula. Mama Kadzo akamsogezea mboga karibu, kisha akanyoosha kiganja.

"Haya, nipe na vidonge vyako nimeze."