Gauni Lililokatwa kwa Macho

Nyumbani kwao walimwita Chiriku, na aliyewahi kukaa naye kwa muda wa kikombe kimoja cha chai hakuuliza kwa nini. Alianza kusema mapema, na alipoanza hakuona sababu ya kunyamaza. Utoto wake aliupitisha chini ya meza ya kukatia vitambaa, maana baba yake alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele cha nyumba ndicho kilikuwa kiwanda. Huko chini aliwavisha wanasesere masalio ya vitambaa huku akipiga soga na miguu ya wateja. Wateja walicheka, wakainama, wakamjibu.

Sasa nyumba ile ilikuwa na jambo lake moja. Tepu ya kupimia ilikuwa ya wateja. Mteja akiingia, baba aliivua shingoni, akampima bega, kifua na kiuno, akitaja namba kwa sauti, na mama aliyekaa karibu na dirisha akiziandika. Watu wa nyumbani hawakupimwa. Baba alikutazama tu unapofagia, unaponyoosha mkono kuchukua sahani kabatini, halafu siku moja ukakuta nguo imekunjwa juu ya mto wako, ukiivaa imekukaa kama umezaliwa nayo. Ukimuuliza amejuaje, alishangaa swali lenyewe.

"Sasa mwanangu nisimjue?"

Ni mmoja tu aliyewahi kupimwa, naye ni kaka mkubwa. Alihamia mbali kikazi, akakaa huko miaka, akarudi likizo na kitambi. Baba alimzunguka, akakohoa, akavua tepu. Mama akachukua kalamu. Hakuna aliyesema neno baya, na kaka mwenyewe alitania, "Basi mnikatie na risiti." Wakacheka wote. Lakini Chiriku, aliyekuwa pembeni akishona vifungo, aliona jinsi kaka alivyosimama mikono juu, ametazama ukutani, kama mtu anayepekuliwa mlangoni. Tangu siku ile kaka alikuja likizo na nguo za dukani.

Basi Chiriku akakua, akaenda chuo kusomea ufundi wa majokofu. Alipomaliza, hata kabla ya mahafali, akapata mkataba wa mwaka mmoja katika kampuni inayotengeneza friji za chanjo kwenye zahanati zilizo mbali na barabara kubwa. Walisafiri wawili kwa pikapu, yeye na fundi mkuu aliyeitwa Barafu, mtu mzima ambaye hakupandisha sauti hata spana ikimwangukia kidoleni.

Akiukumbuka mwaka ule sasa, Chiriku haoni barabara. Anaona vyumba. Vyumba vya gesti vyenye pazia fupi kuliko dirisha, na kandambili za mgeni aliyetangulia chini ya kitanda, moja kubwa na moja ndogo, usijue alikuwa mtu wa namna gani. Anaona vyumba vya zahanati vilivyopakwa rangi nusu ukuta, benchi la kina mama mlangoni, na muuguzi aliyekumbatia kasha la chanjo kama mtoto mchanga, akisubiri friji lipoe. Mpaka leo kuna sauti moja anayoitamani kuliko muziki: ule mngurumo mdogo wa friji linapokubali kuwaka. Barafu akisikia mngurumo, alifuta mikono, akamwambia, "Haya binti, limetusamehe." Kila mara maneno yaleyale, na kila mara Chiriku alicheka.

Nyumbani alipiga simu kila alipopata mtandao.

"Umekula?" mama aliuliza.

"Nimekula."

"Mnalala wapi?"

"Gesti."

"Nikupe baba yako."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo."

"Haya."

Na simu ikarudi kwa mama. Si kwamba hakuwa na la kusema. Yalikuwa mengi mno. Akaona ayaweke, atayasema akirudi, moja baada ya jingine. Akayaweka, akayaweka, mpaka akawa hajui aanzie wapi. Mama akaanza kuwaambia majirani kwamba yule mtoto siku hizi kawa mtulivu, na majirani hawakuamini.

Mwaka ukaisha. Alirudi wiki ya mahafali, jioni, amevaa koti kubwa la kazini, vumbi tupu. Baba alimpokea begi, akaonyesha kwa kidevu nyuma ya mlango, ambako kitu kirefu kilining'inia ndani ya shuka.

"Lako," alisema. "Utalijaribu kesho ukishapumzika."

Kwa mwezi mzima alikuwa akilishona kati ya kazi za wateja, na kila mteja aliyeingia aliambiwa. Gauni la mahafali la binti yangu. Sijampima. Yuko safarini, nami ninalikata tu. Wateja walitikisa kichwa kwa heshima.

Kesho yake asubuhi walijifungia chumbani, Chiriku na mama, na shangazi aliyekuja na karanga zake akakaa kitandani kama mtu aliyelipia kiti. Gauni lilikuwa la zambarau iliyokolea, shingo ya mviringo, kola imelala kama imelambwa. Chiriku alilishika, akanusa joto la pasi, na ghafla akajiona yuko chini ya ile meza tena.

"Nyoosha mkono," mama alisema.

"Nimenyoosha."

"Nyoosha vizuri."

"Mama, ukiendelea kuvuta utang'oka mkono wangu, si wa gauni."

"Toa pumzi," shangazi alishauri kutoka kitandani.

"Nimetoa."

"Basi usiivute tena mpaka Jumamosi."

Zipu ilipanda hadi katikati ya mgongo, ikagoma. Mama akabembeleza, akaimba kidogo, akavuta kwa meno. Ikagoma.

"Umenenepa," mama alisema.

"Hajanenepa," shangazi alisema. "Kiunoni hapo unaweza kuingiza mgeni. Tazama mabega. Wifi, huyu mlimpeleka chuo au mlimpeleka bandarini?"

Chiriku alijitazama kwenye kioo cha kabati. Mwaka mzima alikuwa anayaonea fahari mabega yale. Mwanzoni alipobeba friji mikono ilitetemeka hadi akashindwa kushika kijiko. Mwishoni alipanda nalo ngazi huku akitania. Sasa aliyaona kama mali ya mtu mwingine aliyokamatwa nayo.

"Atanipima," alisema kwa sauti ndogo.

"Na akikupima kuna nini?"

"Kaka alipimwa."

Mama aliachia zipu, akakaa kitandani kando ya shangazi, akachukua karanga bila kuzila. Hakujifanya haelewi.

"Jamani," shangazi alisema hatimaye, "joho si lipo? Joho ni pazia. Ndani hata ukivaa gunia, nani anajua? Leteni pini."

"Na baba yake je? Anataka kumwona sasa hivi."

"Amwone kwa mbele."

Kutoka chumba cha mbele sauti ilikuja. "Bado tu? Au nije mwenyewe?"

Wakabandika pini haraka haraka, shangazi akizishika mdomoni na kuendelea kutoa maagizo yasiyosikika. Chiriku akajikaza, akatoka. Aliingia kiwandani kiubavu, mgongo ukutani, akapita cherehani, akapita meza, akasimama mahali ambapo mwanga wa dirisha haukumfika vizuri. Akatabasamu.

Baba alishusha miwani kutoka kwenye paji la uso. Hakutazama uso. Alitazama mkunjo mmoja kwapani.

"Geuka."

"Limenikaa vizuri, baba. Asante sana."

"Geuka, mwanangu."

Akageuka. Kule nyuma gauni lilikuwa wazi kama kitabu, na pini zimejipanga kutoka katikati ya mgongo hadi shingoni.

"Ni fasheni hiyo, kaka," shangazi alisema kutoka mlangoni. "Siku hizi wanaacha wazi."

"Fasheni ya pini?"

Shangazi akajitafutia karanga nyingine. Baba alirudi nyuma hadi kwenye kiti cha cherehani, akakaa. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa, akaivua tena.

"Nilikata nikiwa nakuona," alisema. "Nakuona kabisa. Umesimama hapo mlangoni siku ile unaondoka, begi begani, unaniambia nisiwakopeshe wateja wakorofi, unaongea tu mpaka gari linapiga honi. Huyo ndiye niliyemkata."

Chiriku alitaka kusema kwamba ni yeye yuleyule, lakini pini moja ilimchoma, akajinyoosha. Kisha akaona mkono wa baba unapanda kwenda shingoni.

"Usinipime, baba."

"Kwa nini?"

"Tepu ni ya wateja."

Baba aliishika tepu ncha zote mbili, akaitazama kama imewekwa pale na mtu mwingine. "Nani kasema?"

"Hakuna aliyesema. Ndivyo tulivyo humu ndani."

Nje mtu alipita akipiga kengele ya baiskeli. Alipoongea tena, alikuwa kama anaongea na cherehani.

"Kaka yako nilimpima, nikapata namba. Sikumuuliza kitu. Nikamshonea suruali nzuri, akaenda zake." Akasimama. "Njoo hapa."

Akamweka kwenye mwanga. Alitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kola yake mwenyewe, kisha akalaza tepu juu ya mabega, kutoka ncha hadi ncha. Mama alikuwa ameshafika dirishani, kalamu mkononi kwa mazoea. Baba hakutaja namba.

"Bega hili limetoka wapi?"

"Kubeba."

"Kubeba nini?"

"Friji."

"Friji lipi?"

Hilo swali hakulitegemea. Lipi? Yalikuwa mengi kuliko anavyoweza kuyahesabu, lakini moja likajitokeza mbele ya mengine, akaanza nalo. Zahanati iliyo juu ya ngazi za mawe, mvua inanyesha, Barafu amebeba chini yeye amebeba juu, na muuguzi anatangulia mbele yao akirudi kinyumenyume, amewafunika kwa mwavuli wa maua wakati yeye mwenyewe analowa. Walipofika juu friji likagoma kupita mlangoni. Wakang'oa mlango. Mlango nao ukagoma kurudi.

"Mkaacha zahanati bila mlango?" mama aliuliza.

"Tuliurudisha, ila siku hizi unafungukia nje."

Tepu ikashuka mkononi. Na huu? Huu umetokana na mitungi ya gesi. Na hapa kwenye kifundo? Hapo alijiunguza akichomelea bomba, siku za mwanzo, kabla hajajua kushika moto. Baba alikishika kifundo kile kwa muda mrefu kuliko kipimo kinavyohitaji. Halafu kiuno.

"Hiki kimeenda wapi?"

"Kimebaki njiani. Kuna mwezi tulikula mkate na soda mpaka Barafu akasema tutatoa povu."

Shangazi aliangua kicheko. Chiriku naye alicheka, na maneno yakawa yanatoka yenyewe sasa, yanagongana. Akasimulia kandambili za gesti, akasimulia mngurumo na msamaha wake. Kisha akasimulia lile ambalo hakuwa amemwambia mtu: friji walilolitengeneza, wakapongezwa, wakaondoka, likazima nyuma yao, na chanjo zote zikaharibika. Walirudi. Muuguzi hakuwagombeza. Aliwaonyesha tu lile kasha. Chiriku alilia kwenye pikapu, na Barafu akazima injini, akangoja pale barabarani hadi alipomaliza.

Baba alikuwa amepiga goti, akipima urefu. Aliinua uso.

"Ulilia, na hukunipigia?"

"Nilipiga, baba. Siku ileile."

"Nikasema nini?"

"Ulisema 'haya'."

Shangazi alijifunika mdomo kwa mtandio. Baba alibaki na goti lake chini.

"Nilisema haya?"

"Kila siku," mama alijibu kwa niaba ya wote.

Hakujitetea. Alishika meza, akainuka taratibu, akazungusha tepu kidoleni.

"Sijaandika kitu mpaka sasa," mama alisema. "Taja basi, utasahau."

"Nimsahau huyu?" baba alisema. "Weka kalamu, utuletee chai."

Walilifumua gauni pamoja, baba bega moja, binti bega jingine. Ndani ya mshono hakukuwa na cha kuachia. Fundi alikuwa amejiamini, akakata bila akiba. Na kitambaa kile kilikuwa kimekwisha dukani. Ikabidi atafute kipande kingine, chenye rangi hafifu kidogo, akakiingiza mgongoni kuanzia shingo hadi kiunoni. Wakati wote huo Chiriku alikuwa ameketi juu ya meza, si chini yake, miguu inaning'inia, mdomo unakwenda. Kila alipovuta pumzi baba alisema, "Ehe, halafu?" bila kuondoa macho kwenye sindano. Chai ikapoa. Mteja mmoja aliingia kuchukua suruali yake, akakaa kusikiliza, akaondoka bila suruali.

Jumamosi alivaa. Kipande kilionekana, wala hakuna aliyejaribu kukificha; jua lilipokuwa kali baada ya vyeti, Chiriku alivua joho mbele ya watu. Mama mmoja nyuma yake akauliza ni mshono gani huo, na baba akamweleza kwa urefu, kuanzia ngazi za mawe.

Majuma machache baadaye kampuni ilimwita tena, safari hii kwa muda mrefu zaidi. Chiriku aliwaambia wakiwa mezani, na hakuna aliyeshangaa. Asubuhi yake alimkuta baba ameshatandaza kitambaa kigumu cha koti la kazi, chaki mkononi. Akasimama mbele yake bila kuambiwa, mikono pembeni. Baba alimtazama kwa macho, kisha akavua tepu na kumpima vilevile.

"Hili nimekuachia akiba ndani ya mshono," alisema.

"Kiasi gani?"

Baba alitia alama ya chaki, akarudi nyuma, akaikagua.

"Cha kutosha friji nyingi tu," alisema. "Zikizidi, piga simu. Ukisikia nasema haya, usikate."