Kiti cha Karani Aliyekuwa Msibani

Wiki hii nilikuwa kwenye ofisi moja ya misaada pale Mpanda mjini, nikisubiri lifti ya kwenda Mishamo. Ofisi ni ya kisasa, ina kompyuta inayotuma barua kwa mawimbi ya redio.

Karani mmoja, mama wa makamo, ndiyo kwanza alikuwa amerudi kutoka msibani Mwese. Kichwa kimenyolewa kwa ajili ya msiba, kinang'aa. Bosi wake hakukitazama. Macho yake yalikuwa kwenye kioo cha kompyuta.

"Dada, Jumanne ulikuwa kazini. Umetuma barua, jina lako hili hapa."

"Jumanne nilikuwa namzika mama, bosi."

"Mashine haina sababu ya kudanganya. Sasa huo msiba ulikuwa wa nani?"

Aliyemwokoa ni fundi anayeendesha redio ya ofisi.

"Barua aliziandika kabla hajaondoka, bosi. Hewa ilikuwa mbaya, mawimbi hayashiki, zikabaki humo humo kwenye mashine. Jumanne mchana zikaondoka zenyewe."

Bosi akacheka, akaomba radhi. Yule mama hakucheka.

"Jumanne mchana," alisema taratibu, "ndiyo tulikuwa tunamshusha kaburini."

Akakiendea kiti chake, akakipangusa kwa upindo wa kanga, kisha akasimama pembeni kidogo, kama anayempisha mtu atoke. Ndipo akakaa.

Haya nayaandika nikiwa Mishamo, na nayatuma kwa redio kama ile ile. Mhariri wangu, yakikufikia, hebu chungulia mezani kwangu hapo ofisini uone kama kuna mtu amekaa.