Mapaja ya Bwana Harusi

Lutengano alikuwa karani wa posta mjini Mbeya. Kazi yake ilikuwa kugonga mihuri, na kwa kuwa mkono wake wa kulia ulikuwa mgumu kama mpini, aliamini mwili mzima uko hivyo hivyo. Alhamisi moja ya mwaka 1956, harusi yake ikiwa Jumamosi, aliwaambia ndugu zake wa milimani Uporoto kwamba basi ni la wazee. Akajitwisha gunia la viazi, zawadi ya kuwapelekea wakwe, akateremka nalo milima hadi karibu na Tukuyu, anapiga mluzi.

"Kumbe kushuka ni starehe!" aliwaambia wakwe.

Jumamosi alfajiri alishindwa kuchuchumaa chooni. Akaitiwa mjomba wake Jailos, dresa, yaani mfunga vidonda wa zahanati, mtu aliyependa kuhutubia kuliko kutibu. Jailos alimbonyeza mapaja, bwana harusi akalia kama mbuzi.

"Mjomba, nimerogwa?"

"Nani apoteze dawa yake kwa karani? Sikiliza. Ukiinua ndoo, msuli wa mkono unavuta huku unafupika. Ukisimama nayo ukimsengenya jirani, unavuta vilevile, ila urefu wake haubadiliki. Ukiishusha polepole isimwagike, bado unavuta, lakini uzito unaushinda, basi unarefuka huku unavuta. Hiyo ndiyo breki. Wewe juzi umefunga breki mlima mzima, kwa mapaja yaliyozoea kiti! Nyuzi zimechanikachanika humo ndani."

"Dawa?"

"Siku chache tu. Zinajiunga zenyewe, na safari nyingine hazitalia hivi."

"Mjomba, naoa saa nne!"

"Basi oa polepole."

Lutengano hakucheka. Shangazi Severina, aliyemlea bibi harusi Marta, alikuwa amemtakia mume mwalimu, na jana yake tu alitangaza jikoni, kila mtu akisikia: "Makarani wana majivuno. Huyo asipopiga magoti sawasawa mbele ya Mungu, Marta haendi Mbeya."

Kanisani mambo yalikwenda vizuri mpaka mchungaji aliposema, "Pigeni magoti."

Kumbe kupiga magoti nako ni kushuka! Lutengano alikunja miguu kidogo, mapaja yakawaka moto, akakwama katikati, anatetemeka, hashuki wala hapandi. Jailos, benchi la pili, alitikisa kichwa kwa furaha: ndoo iko mkononi, jirani anasengenywa.

"Una nini?" Marta alinong'ona.

"Mapaja. Viazi."

"Niegemee."

Marta alikuwa akiteremka na mikungu ya ndizi kwenda sokoni tangu utotoni. Mapaja yake yalishaacha kulalamika zamani. Alipitisha mkono chini ya kwapa la mumewe, akabeba uzito, akamtua mkekani taratibu kama mtungi wa pombe. Machozi yalimtiririka Lutengano hadi kwenye tai.

Shangazi Severina alisimama, naye macho yamelowa.

"Jamani, mnamwona?" alisema, kanisa zima likageuka. "Anavyotetemeka mbele za Mungu! Mwalimu yule angejitupa chini tu. Mwanangu, mchukue huyu!"

Walipoambiwa wasimame, Marta alimnyanyua.

"Mbeya tunakwenda kwa basi," alimnong'oneza.

"Basi lina ngazi, Marta."

"Ndiyo maana nakuja."