Mdomo wa Pili

Kwetu Usukuma huozeshi mtoto mpaka wazee wahakikishe kuwa yeye na mchumba wake si wa damu moja. Mwanangu, mtu wa ofisi hapa Bariadi, aliona jambo hilo lisituchoshe. Alinikalisha siku tatu nikimtajia ukoo, naye akaandika wote kwenye simu. Alipomaliza akasema, "Mayu, mama yangu, sasa majina yote yapo mtandaoni. Hata ukifa leo hayapotei."

Nikamshukuru kwa kunitakia mema. Daftari la marehemu mume wangu, alimoandika majina hayo hayo, nikalichana kidogo kidogo, nikafungia karanga za kuuza. Karatasi zake zilikuwa nzuri.

Mjukuu wangu wa kike akapata mchumba kutoka kijiji cha Kimali. Washenga walipokuja, mwanangu akafungua simu, akabonyeza, akatoka nje, akarudi anatoka jasho. Laini aliyofungulia akaunti aliiacha zamani, ikapewa mtu mwingine. Akaunti imefutwa mwenye laini mpya alipofungua yake, na majina yote yamekwenda nayo.

"Nakala nyingine?" akauliza mshenga mkubwa.

"Ilikuwa humo humo."

"Na daftari?"

"Limekwenda na karanga," nikasema.

Basi nikataja mwenyewe, jina kwa jina, sikupumzika. Mshenga akasema, "Umetaja vizuri, mayu. Ila wewe ni bibi yake, na mkwe unamtaka. Tunataka mdomo wa pili."

Mdomo wa pili uliobaki ni wa mke mwenzangu, yuko Zagayu, na hatujasalimiana tangu tumzike mzee. Mjukuu wangu akanitazama. Nikasema, mpigieni.

Wakanitoa nje nisije nikamsaidia. Nikasimama dirishani. Mke mwenzangu akataja kwenye simu kama nilivyotaja, kwa sauti ileile ya kujivuna, halafu akaongeza mmoja: "Na yule binti aliyeolewa Kimali. Mwenzangu hakumtaja? Uzee huo."

Kama aliolewa kwenye ukoo wa mchumba, harusi haipo. Mshenga akamuuliza binti huyo aliolewa ukoo gani. Akajibu. Mshenga akacheka, "Hao tunapakana nao mashamba tu. Damu hapana."

Mjukuu wangu akafuta machozi, akaomba kalamu. Alitaka madaftari mawili, moja likae kwangu, jingine Zagayu.

Nikaingia, nikashika simu. "Mwenzangu, yule binti nilimsahau."

Akasema, "Rudia, washenga nao wasikie."

Nikarudia kwa sauti. Ndipo wakaanza kuzungumzia ng'ombe.